Nilikula ngome ya kaka

Tulikuwa tunacheza chesi kwa meseji, siku tatu kwa kila hatua. Kaka yule yuko kambi nyingine, ana pointi 1600, mimi 1400. Kwa hesabu ya Arpad Elo, tofauti ya 200 maana yake katika michezo 100 yeye anategemewa kupata kama 76. Basi 24 zilikuwa zangu tangu mwanzo, wala si muujiza.

Lakini aliacha ngome wazi wiki ambayo nilijua mtoto wake anaumwa. Nimwambie arudishe? Siku mbili nilijiuliza, na kusema kweli niliitamani. Nikaila. Kumwachia ingekuwa kumdharau, hilo bado naliamini. Ila huruma ilikuwa kumpigia simu, na sikupiga. Aliponiandikia, "Hongera, mdogo wangu," ndipo nikauliza mtoto anaendeleaje.