Majuto Naye ni Mjukuu

Somo la wiki: Marko 5:21–43



Jumanne iliyopita alinitembelea mama mmoja wa usharika wetu, mfanyabiashara wa nguo kati ya Sirari na Tarime mjini. Alifika saa saba mchana, na kwetu mgeni wa saa saba haulizwi kama amekula. Mama mchungaji aliandaa ugali wa muhogo na mtama, akaleta na bakuli la kichuri, chungu kama tunavyokipenda watu wa Mara. Mgeni akanawa. Akamega tonge dogo kama punje ya karanga, akalichovya, akatafuna. Akaendelea kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshameza matonge manne, yeye bado analo lile lile mdomoni. Kisha akaweka kiganja kifuani, akasema samahanini, akatoka. Tulimsikia nyuma ya migomba akitapika, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Aliporudi alisema, "Baba mchungaji, ndiyo maana siku hizi siendi harusini."

Miaka miwili nyuma alisafiri nje ya nchi. Usharikani tuliambiwa amefuata mzigo. Kumbe alikwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili apungue mwili. Kwa aina ile ya upasuaji, madaktari huondoa robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, kikabaki kijifuko chembamba mfano wa ndizi. Kilichoondolewa hakirudishwi. Ili apate nauli na gharama aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake.

Kupungua alipungua. Lakini chakula kikavu hakishuki, kiungulia kinamwamsha usiku wa manane, na chai akiinywa pamoja na kitafunwa vyote hurudi. Nywele zilikatika kwa mafungu. Damu ikapungua hadi akawa anapanda mlima wa nyumbani kwake kwa kupumzika mara tatu. Ngozi ya tumbo na mikono imelegea, anaificha kwa kitenge hata wakati wa joto. Kumbe aliyefanyiwa upasuaji huu anatakiwa kumeza vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote na kupimwa damu kila baada ya muda. Hayo yaliandikwa kwenye karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa. Karatasi ni ya Kiingereza. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia, nayo ikakaa humo.

Nilimuuliza kilichompeleka. Nilitegemea aniambie habari za picha za kwenye simu. Yeye akaanza kunihesabia kwa vidole. Wifi aliyesema kwenye kitchen party kwamba huyu apewe kiti imara, kile kingine kitavunjika. Kondakta wa Sirari aliyemtoza nauli ya watu wawili, abiria wakacheka. Mume aliyeacha kutembea naye sambamba. Kidole cha nne kilipofika akanyamaza kidogo, akanitazama. "Na wewe, baba. Siku ile ya mavuno ulisema benchi la akina mama linaomba maombezi. Kanisa zima likanigeukia."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeridhika sana na utani ule.

Akamalizia hivi: "Nilikubali kukatwa ili waninyamazie. Sasa nimekonda, wanauliza kama nimepima." Ninyi nyote mnajua kwetu mtu akikonda ghafla watu hunong'ona nini. Mdomo uliomcheka kwa unene ndio huo huo unaomzika kwa wembamba.

Tufungue Marko sura ya 5. Humo yumo mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Marko anaeleza jambo ambalo wahubiri tunalipita haraka: mama huyu aliteseka mikononi mwa matabibu wengi, akatumia mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo anapomwendea Yesu amebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni ugonjwa. Wa pili ni majuto ya tiba, kwamba kama angebaki na ugonjwa wake tu, angalau mali ingekuwepo.

Anakuja kwa nyuma, katika msongamano, anagusa vazi. Anataka apone kimya kimya aondoke. Yesu anasimama, anauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wanashangaa swali hilo katikati ya umati. Na haraka ilikuwepo, maana Yairo alikuwa amesimama pale, binti yake yuko kufani. Hata hivyo Yesu anangoja. Yule mama anatoka akitetemeka, anaanguka mbele yake na kumweleza kweli yote.

Kweli yote, wapendwa. Nadhani haikuwa fupi. Miaka 12 haielezwi kwa sentensi moja. Lazima alitaja waganga, fedha, ndugu waliomchoka, na ujinga aliodhani ni wake. Damu ilikuwa imekwisha kukoma kabla hajafungua mdomo, lakini Yesu hakumwacha aende na habari yake kifuani. Alimsikiliza mpaka mwisho ndipo akamwita binti na kumwambia aende kwa amani.

Sisi tungemwambia nini? Tunayo methali tayari: msiba wa kujitakia hauna kilio. Tunaitumia kama komeo. Mtu akija na majuto tunafunga nayo mlango, tunarudi kwenye shughuli zetu. Hakuna mahali katika Marko 5 ambapo Yesu anamuuliza yule mama kwa nini alikwenda kwa matabibu wale, wala kwa nini hakuacha baada ya wa kwanza.

Nasi wa Tarime na Serengeti tungepaswa kuwa wa mwisho kuitumia methali hiyo, kwa sababu habari ya kisu na midomo ya watu tunaijua kuliko wengi. Kila mwezi wa Desemba wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, ngoma za saro, tohara yetu ya jadi, zinalia katika koo zetu na mabinti wanapelekwa kwa ngariba. Sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kusema kwamba kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai, na kifungo chake ni miaka 5 hadi 15. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta mkoani Mara wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ni 8. Tukiuliza kwa nini, jibu halihusu dini wala afya. Ni hofu ya neno msagane. Mama anaogopa binti yake asiyekeketwa ataitwa hivyo kisimani, na baba anaogopa mahari itapungua. Mwili wa mtoto unapelekwa kwenye wembe ili midomo ya watu inyamaze.

Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Mama wa Sirari ni mtu mzima, alisaini kwa mkono wake, akakatwa kwa ganzi na daktari. Mtoto wa saro hakuulizwa. Na upasuaji wa kupunguza mwili si dhambi wala si ushamba. Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia wagonjwa wapatao 4,000 wenye unene uliopindukia, nusu yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji, na waliofanyiwa walionekana kufariki kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Kisukari hupungua nguvu, wengine huacha dawa. Hapa kwetu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inatoa huduma ya puto linalowekwa tumboni kwa muda na kutolewa, bila kukata kitu. Wengi wanaotibiwa unene hospitalini hawajuti. Ila mzizi wa safari ya mama yetu ulikuwa ule ule wa saro. Hakuwa na kisukari wala presha. Alikuwa na sisi.

Tena tazameni jinsi Marko alivyozipanga habari zake. Mama wa damu amewekwa katikati ya habari ya binti Yairo, na mwishoni mwinjilisti anataja umri wa binti huyo: miaka 12. Miaka ile ile mama aliyoteseka ndiyo miaka binti aliyoishi. Yesu hakumwacha mmoja kwa ajili ya mwingine. Yule aliyekwisha kuumizwa alisikilizwa, na yule mdogo akashikwa mkono akainuliwa. Kanisa la Mara limepewa kazi hizo mbili pamoja.

Ya pili tumeianza. Nyumba salama ya Mugumu na kituo cha Masanga vimewapokea mabinti wengi waliokimbia kwao usiku. Rhobi Samwelly, anayeongoza shirika lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, ameeleza hadharani jinsi alivyokaribia kufa kwa kutokwa na damu alipokeketwa akiwa binti mdogo. Aliisema kweli yote, na kweli hiyo ikawa paa juu ya vichwa vya wengine. Ile ya kwanza, ya kumsikiliza mtu mzima anayejutia mwili wake, bado tunaikwepa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, maana huja baadaye. Methali hiyo tunaitaja kwa kumtisha mtoto. Lakini ngoja nikuulize, wewe bibi uliyekaa safu ya mbele: mjukuu akija nyumbani kwako, hata kama mama yake alimpata kwa namna usiyoipenda, unamfukuza? Unampakata. Unamtafutia uji. Unamuuliza jina lake. Basi majuto nayo yakibisha hodi katika jamaa ya Kristo, tuyapokee kama mjukuu. Tuyape kigoda, tuulize yametoka wapi.

Kwa vitendo, wiki hii naomba mambo matatu.

Kwanza, tuache kusemea miili ya watu, tukianzia mimbarini. Umenenepa, umekonda, umekuwaje: tuyazike maneno hayo. Tusalimiane habari za nyumbani, zinatosha.

Pili, mwenye kufikiria upasuaji aje tuzungumze kabla hajauza kiwanja, na hatutamcheka. Nitamuuliza maswali machache: Daktari amekwambia unaumwa nini? Nani atakufuatilia ukisharudi huku, na kliniki iko umbali gani? Vidonge vya maisha vitanunuliwa na nani? Kama ungeishi mahali pasipo na mtu wa kukutazama, ungekwenda? Na mwenye kutarajia mtoto ajue kwamba madaktari hushauri asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji.

Tatu, aliyekwisha kufanyiwa asijifiche. Maumivu makali ya tumbo, homa na moyo kwenda mbio katika wiki za mwanzo ni dalili kwamba huenda mshono unavuja, na hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Kutapika mfululizo, miguu kufa ganzi, macho kuona kitu kimoja kuwa viwili, huenda ni upungufu mkubwa wa vitamini B1, na kuchelewa kunaweza kuacha kilema. Nitakuombea, ndiyo. Lakini usiache vidonge kwa sababu umeombewa, na usinisubiri mimi kabla ya kupanda gari.

Nimalizie na jambo la Jumatano. Mama yetu alikubali kuja kwenye kikundi cha maombi cha wanawake, na karatasi yake. Mwalimu wa sekondari aliisoma na kuitafsiri mstari kwa mstari, na muuguzi aliyestaafu akaandika tarehe ya kwenda kupima damu. Halafu mama akaanza kueleza. Alieleza kwa saa nzima na ushee. Alipofika kwenye kiwanja cha baba yake, mmoja akatikisa kichwa akataka kusema kitu. Kikongwe aliyekaa pembeni akamgusa goti anyamaze. Kikongwe huyo wengi mnamfahamu: alikuwa ngariba, akasalimisha wembe wake, na hadi leo anakutana njiani na wanawake aliowakata wakiwa watoto. Majuto yake ni ya mkosaji, hayafanani na ya huyu. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisema hilo.

"Mimi nilikata wa watu," alisema, "na bado mlinipa nafasi kwenye mkeka huu. Huyu amejikatia wa kwake. Mwacheni amalize."

Akasogea, mkeka ukapata nafasi.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyesimama njiani wakati watu wana haraka, utusamehe vicheko vyetu. Umponye mama huyu tumbo, damu na usingizi. Uwalinde mabinti wetu Desemba ikifika. Utupe masikio yanayongoja kweli yote, na yule ajaye na majuto asikutwe na mlango wetu umefungwa. Amina.