Wakili Aliyeitwa Kutoa Hesabu
Neno kwa vijana wanaokwenda kusomea biashara, na kwa wazazi wao

Somo: Luka 16:1–13



Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake juu ya mali, hakuwapa mfano wa mtawa aliyekimbilia jangwani. Aliwasimulia habari za wakili, mtu wa ofisi mwenye hati za madeni mkononi, ambaye siku moja tajiri wake alimwita atoe hesabu ya uwakili wake. Wakili yule akawaita wadeni mmoja mmoja. Deni la vipimo mia vya mafuta likaandikwa hamsini. La ngano, mia likawa themanini. Hapakuvunjwa mlango wala kufuli. Kazi yote ilifanywa kwa kalamu.

Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mwaka hata mwaka vijana wa parishi yetu huondoka kwenda kusomea uongozi wa biashara. Wengine huenda Mzumbe, wengine Chuo cha Elimu ya Biashara kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, wengine Dodoma katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, ambacho Kanisa letu la Anglikana lilikianzisha mwaka 2007. Wazazi wengi hufurahi, lakini wapo wanaosikitika kimoyomoyo. Waliokua katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 walizoea kusikia neno mfanyabiashara likitajwa jirani na neno mnyonyaji, na ule msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ukazidisha mashaka yao. Wangependa mtoto awe mwalimu au mganga.

Hatuwalaumu. Lakini tusidhani kwamba elimu hii haikujua kamwe habari za Mungu. Kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kueleza namna ya kuandika kila fedha mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, kilitolewa Venice mwaka 1494. Mwandishi alikuwa Luca Pacioli, ndugu wa shirika la Mtakatifu Fransisko, yaani mtu wa nadhiri ya ufukara! Njia hiyo hakuibuni yeye, kwa maana wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiitumia kabla yake. Ila aliwashauri waanze vitabu vyao vya hesabu kwa kulitaja jina la Mungu. Twadhani alifahamu kwamba jaribu la mfanyabiashara halimngoji barabarani, bali limo ndani ya daftari lenyewe.

Hapo ndipo tungependa vijana watusikilize. Vyuo vingi siku hizi vina somo la maadili ya biashara, na ni jambo jema. Lakini mtu aweza kulipasi somo hilo kwa alama za juu, kisha akavuka ukumbi akaingia darasa la hesabu za gharama na kuyaacha maadili yake mlangoni kama mwavuli.

Kampuni ya nishati ya Enron, ya Houston, Marekani, mwaka 2000 iliwapa wafanyakazi wake kitabu cha maadili chenye kurasa 64. Heshima na uadilifu vilitajwa humo. Mwenyekiti wake, Kenneth Lay, alikuwa mtoto wa mhubiri wa Kibaptisti. Mwenzake, Jeffrey Skilling, alisomea uongozi wa biashara huko Harvard. Basi hawakukosa elimu. Mkataba wa miaka mingi ulipotiwa sahihi, faida waliyoitumaini kwa miaka yote hiyo iliandikwa siku ileile kana kwamba imekwisha kupatikana. Madeni nayo yalifichwa katika kampuni ndogondogo za pembeni. Desemba 2001 Enron ikafilisika. Maelfu walipoteza kazi, na wengi wao walipoteza pia akiba ya uzeeni, kwa kuwa waliiweka katika hisa za kampuni hiyohiyo. Mwaka 2006 baraza la mahakama liliwakuta wote wawili na hatia. Lay alikufa kabla ya kutolewa adhabu, na kwa sheria ya kwao hukumu yake ikafutwa.

Tena tuangalie sana jambo hili: ile njia ya kuandika leo faida ya kesho, wasimamizi wa serikali walikuwa wameiruhusu Enron kuitumia tangu mwaka 1992. Anayeuliza tu kama sheria imekataza hajauliza la kutosha.

Mtu atasema Houston ni mbali. Basi twende mashambani kwetu, msimu wa viazi au vitunguu. Bei hupatanwa kwa gunia, kisha gunia hujazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu. Ndiyo lumbesa. Wauzaji wa zamani za nabii Amosi walipunguza efa na kuongeza shekeli (Amosi 8:5). Hawa wetu ni wanunuzi, na wao hukiongeza kipimo chenyewe. Serikali imekataza, Wakala wa Vipimo huwakamata, na lumbesa ingali ipo.

Tufanye hesabu. Tuseme gunia la kilo 100 limebeba 130. Mkulima mwenye magunia 20 ametoa kilo 600 bure, yaani magunia sita. Sasa kijana wetu aliyehitimu ameajiriwa na mnunuzi huyo kuandaa taarifa ya gharama. Katika karatasi yake kilo zile 600 zitapewa jina zuri, labda ufanisi katika manunuzi. Mkono wake hautagusa gunia, wala hatamwona mama aliyelima viazi vile. Atapongezwa.

Kwa hiyo twawasihi, wanangu, kila mkutanapo na tarakimu ya faida, iwe darasani au kazini, mwulize: hii imelipwa na nani? Jifunzeni hesabu vizuri kuliko wengine, ili mweze kuona mahali ambapo mtu amefichwa nyuma ya tarakimu, na mweze kumwonyesha tajiri wenu kwa karatasi jinsi ya kununua kwa kilo na mizani.

Hatuwaahidi kwamba mtafaidika. Wapo wahubiri wasemao kwamba uaminifu daima huongeza mapato; sisi hatukuona hivyo katika Maandiko wala sokoni. Pengine utaongeza. Pengine utakufukuzisha kazi.

Na hapa tunawageukia wazazi na wazee wa kanisa. Yule wakili dhalimu alipokuwa akipunguza madeni alikuwa na shabaha moja: akiondolewa katika kazi, watu wamkaribishe nyumbani mwao. Aliyeiba alijipatia nyumba za kumpokea. Je, yule atakayekataa kuiba? Akirudi hapa Jumapili moja bila kazi, kwa kuwa hakutia sahihi taarifa ya uongo, atakuta nyumba ngapi zi wazi? Baba aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya karo atampokeaje? Nasi tutakaokaa naye benchi moja tutasema nini tukitoka nje: kwamba mtoto wa fulani ameshika imani, au kwamba amesoma bure?