Wimbo Uliovuliwa Mapambo

Leonard Cohen alipoutoa wimbo wake “Hallelujah” mwaka 1984, aliuzungushia kinanda cha umeme, ngoma na kundi la waitikiaji, hata maneno yake yenye majonzi na taadhima yakawa kama bibi arusi aliyelemewa na vito. Lakini mwaka 1991 John Cale aliuimba kwa sauti yake na piano tu, na mwaka 1994 Jeff Buckley, gitaa mkononi, akauanza kwa pumzi inayosikika waziwazi kabla uzi wa kwanza haujaguswa. Hapo ndipo ilipodhihiri, wala sioni shaka kulisema, kwamba jamala ya wimbo huo ilikuwamo tangu awali katika mashairi na mahadhi. Namstahi sana Cohen aliyeutunga. Ila nitakapo kuusikia hasa, naiendea piano ya Cale.