Mjukuu Wangu, Usiuze Mtaji

Mjukuu wangu, nimesikia umepata fremu Kariakoo. Mungu akubariki. Umelipa kodi ya miezi sita mbele, umeshusha viatu vya shule, na kushoto kwako wanauza viatu vya shule, kulia kwako vilevile. Sogea hapa nikwambie jambo kabla jirani hajakufundisha vibaya.

Usiuze mtaji, mwanangu. Nakuomba sana.

Najua kitakachokuja. Jozi uliyoichukua jumla kwa 18,000 utaiuza 22,000. Jirani atasema 21,000. Utakasirika, utasema 20,000. Akishuka tena, nawe utatamka 19,000 ili tu asikuzidi. Siku hiyo fremu itajaa watu, utarudi nyumbani unaimba. Kaa chini upige hesabu: faida ya 4,000 imebaki 1,000. Sasa mpaka uuze jozi nne ndipo upate kile ulichokipata kwa jozi moja. Na hiyo elfu hujaishika bado. Winga aliyekuletea mteja anataka chake, aliyebeba mzigo anataka chake, umeme unadai, na kodi ya miezi sita mingine inakusogelea. Auzaye kwa hasara hulisha mtaa, wanawe wakalala njaa.

Kinachofuata nimekiona mara nyingi mno. Mzigo unaisha, na pesa ya kufunga mzigo mwingine haipo. Kijana hakubali kwamba amekula mtaji, anasema duka limepigwa chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta pesa za mtu. Kile kidogo kilichobaki anampelekea mganga. Akitoka kwa mganga anaingia kwenye kausha damu, ule mkopo wa kurejesha kila siku jioni, umeuza hujauza. Ukimkuta saa kumi na moja jioni anauza kwa bei yoyote, hata 15,000, apate tu marejesho ya leo. Kesho hivyohivyo. Mwisho wakopeshaji wanakuja kubeba televisheni na godoro, mke anarudi kwao, na fremu inapewa mwingine aliyekuja na pesa yake ya kilemba mkononi. Hao niliowaona walikuwa vijana wazuri, wachapakazi, wanaamka kabla ya adhana. Sitaki uwe mmoja wao. Nasema tena, sitaki.

Wako na wale ambao bei ikigoma kushuka huanza kushusha mali yenyewe. Wanaleta kiatu chenye nembo ya kampuni kubwa, kumbe ni bandia. Usikiguse, mjukuu wangu. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na watu wa Tume ya Ushindani wakikukuta, mzigo unachukuliwa na kuteketezwa. Hata wasipokuja, mama ambaye soli ya mwanawe imebanduka wiki ya pili ya muhula hatarudi kukugombeza. Atanyamaza, ataenda kwa mwingine, na Jumamosi atawasimulia wenzake kwenye kikoba. Mteja aliyegomba bado ni wako. Aliyenyamaza ameshaondoka.

Sasa utaniuliza, babu, nitaonekanaje katikati ya watu wote hawa? Utaonekana kwa kukijua kiatu kuliko wao. Jua ngozi na plastiki kwa kupapasa. Jua mtoto wa darasa la kwanza mwenye mguu mpana avae namba gani. Weka namba ambazo wenzako hawaziweki, zile ndogo sana na zile kubwa sana, maana mzazi aliyezunguka Kariakoo nzima akazikosa, akizikuta kwako hatabishana nawe sana kuhusu elfu moja. Toa risiti. Kikipasuka mapema, mbadilishie bila kumfokea. Andika namba yake ya simu, na kabla shule hazijafunguliwa Januari mpigie, umuulize mguu wa mtoto umekua kiasi gani. Haya hayana mbwembwe, najua, na kijana anapenda mbwembwe. Spika kubwa mlangoni kila mtu anaweza kukodi.

Mteja wa bei ni mgeni wa mvua: ikikatika, hutamwona. Na mvua hukatika, mjukuu wangu. Soko Kuu la Kariakoo, lile alilolichora Beda Amuli likafunguliwa 1975, liliungua usiku mmoja Julai 2021. Watu waliozeeka humo walijikuta nje, wakapangiwa masoko mengine. Aliyekuwa amejulikana kwa jina, wateja walimpigia simu: umehamia wapi, tunakufuata. Aliyejulikana kwa bei peke yake hakupigiwa na mtu, kwa sababu bei ya chini iko kila kona. Jina jema halipangi fremu.

Jirani akishuka bei, mwache ashuke. Utaumia siku mbili tatu, utamwona anauza wewe umekaa. Vumilia, baba. Usimfuate huko, nakusihi. Ukishindwa kabisa kuvumilia, badilisha mali, lete mabegi, lete sare, lakini usiuze chini ya gharama yako.

Na kama umeshaanza, kama kuna marejesho ya jioni usiyotaka mama yako ayajue, usinifiche mimi. Jumapili njoo na daftari la mauzo pamoja na lile la madeni. Bibi yako atapika, nasi tutakaa tuhesabu jozi kwa jozi mpaka tujue umebakiwa na nini.