Udongo Nao Una Haki Yake

Katika Sura Ar-Rahman, aya ya 8 hadi ya 11, Mwenyezi Mungu Ametaja mambo matatu kwa kufuatana: Ameinua mbingu, Ameweka mizani ambayo wanadamu wamekatazwa kuivuka na kuipunguza, na ardhi Ameiweka kwa ajili ya viumbe vyote. Wengi wetu tuisikiapo mizani hiyo hukumbuka duka na kilo ya sukari. Si vibaya, kwani mwenye kupunja sukari ni mkosaji mbele ya Mungu. Lakini tazama, ndugu msomaji, mahali ilipotajwa mizani hiyo: ni kati ya mbingu na ardhi. Katika zama zetu mbingu na ardhi zina hesabu baina yao ambayo wazee wetu hawakulazimika kuijua, nasi hatuna udhuru wa kutoijua.

Hesabu yenyewe ni hii. Ndani ya hewa mna kiasi kidogo cha hewa ya ukaa, ambayo ndani yake mna kaboni, asili ya makaa. Jani la mgomba huivuta hewa hiyo, na kwa nguvu ya jua likaigeuza kuwa shina, mizizi na ndizi. Jani likikauka na kuanguka, minyoo na vijidudu hulila. Sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani kwa pumzi zao, na sehemu ndogo hushikamana na chembe za udongo, ikakaa humo miaka mingi. Hiyo ndiyo hasa inayoupa udongo mzuri weusi wake, na kuufanya ushike maji mvua ikatikapo. Wataalamu hukadiria kwamba udongo wa dunia, kwa kina cha mita moja tu, umebeba kaboni nyingi kuliko ile iliyomo katika hewa yote na mimea yote kwa pamoja. Na kila kilo moja ya kaboni itokayo udongoni, kwa moto au kwa kulimwa ovyo, huwa takriban kilo 3.7 za hewa ya ukaa, ambayo tayari imezidi mno angani kwa sababu ya makaa ya mawe na mafuta yachomwayo, nayo huzuia joto lisitoke. Ndiyo maana katika mkutano wa Paris wa Desemba 2015 serikali ya Ufaransa ilizindua mpango wa kuhimiza mataifa yaongeze kaboni ya udongo wao kwa sehemu 4 katika kila 1000 kwa mwaka.

Ndugu walioko Buganguzi, wilayani Muleba, hawana haja ya kwenda Paris ili wayaone haya. Watoke nyumbani baada ya sala ya Alfajiri, watembee hadi mwisho wa kibanja, kisha wavuke waingie rweya. Nyuma yao mna migomba, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na miti mirefu juu ya vyote. Ukichimba, udongo ni mweusi na mlaini. Mbele yao mna nyasi fupi juu ya udongo hafifu ambao jembe hulisikia mara moja. Mgeni angedhani kwamba Mungu Aliumba ardhi mbili. Sivyo. Mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani huko Usambara, alichapisha makala juu ya jambo hilihili la Bukoba: udongo wa asili moja, mahali una rutuba nyingi na mahali una rutuba kidogo. Tofauti hiyo ni kazi ya mikono ya watu.

Kazi hiyo ilifanywa kwa vizazi vingi. Mchana ng'ombe walilishwa rweyani, usiku walilala nyumbani pamoja na wenyewe, na samadi ikatiwa kibanjani. Kina mama walikata nyasi wakazichukua kwa vichwa na kuzitandaza chini ya migomba. Maganda, majivu na majani yote yalirudishwa shinani. Watu hawa walikuwa wakihifadhi kaboni udongoni kabla ulimwengu haujalitunga jina hilo, na sioni haya kusema kwamba baadhi ya wanaotuletea somo hilo leo wangefaa kwanza kuketi na bibi mmoja wa Kihaya na kumsikiliza.

Lakini sasa turudi kwenye mizani. Weusi ule wa kibanja ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka rweya. Kilichozidi huku kilipungua kule. Rweya ilipokuwa pana na watu wachache, nyasi ziliota tena na deni likalipwa bila mtu kulihisi. Tangu hapo mambo yamebadilika. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi, na hata baada yake nyumba nyingi hazikupata tena ng'ombe wa kutosha. Watu wameongezeka, rweya imekatwa vipande, na kiangazi huchomwa moto. Ndizi nazo hupelekwa mjini, na maganda yake huozea jalalani huko, hayarudi tena shambani. Basi mtu akipima kibanja chake peke yake akasema ameweka akiba kubwa ya kaboni, hakusema uwongo, ila hakusema kweli yote. Kuhamisha si kuhifadhi. Mwenye kuchota mtungi wa jirani ili kuujaza wake hakuongeza maji kijijini.

Na jambo hili si la udongo peke yake. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, amefundisha kwamba dini ina pande mbili, haki za Mwenyezi Mungu na haki za viumbe Vyake. Aliye na ng'ombe sita na vijana wa kukata nyasi huzoa rutuba ya rweya iliyo ya wote. Mjane asiye na ng'ombe huona ncha ya kibanja chake ikigeuka kikamba, mgomba kwa mgomba. Wote wawili husali katika safu moja.

Kosa hilohilo laweza kufanywa kwa kiasi cha dunia nzima. Mnamo Januari 2014, katika mradi wa magharibi ya Kenya uliosimamiwa na shirika la Vi Agroforestry kwa msaada wa Benki ya Dunia, zilitolewa kwa mara ya kwanza hati za kaboni kwa ajili ya kilimo cha kutunza udongo: tani 24,788 za hewa ya ukaa, kutoka kwa wakulima wadogo wapatao 30,000. Hati za namna hiyo hununuliwa na wenye kutoa moshi, ili wahesabiwe kwamba wamelipia sehemu ya moshi wao. Je, ni halali? Mkulima kulipwa kwa kazi njema si vibaya hata kidogo, na apewe ujira wake jasho lake lisijakauka. Lakini mnunuzi na ajitazame. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 185, Mwenyezi Mungu Ameweka fidia ya kumlisha maskini badala ya saumu. Fidia hiyo wanayo wazee na wagonjwa wasio na nguvu ya kufunga. Mwenye afya hawezi kuketi mezani mchana wa Ramadhani, akala akashiba, kisha akasema kwamba yuko maskini mmoja mbali anayefunga kwa fedha zake. Viwanda vyenye uwezo wa kupunguza moshi vikanunua hati badala ya kupunguza, vimechukua fidia isiyo yao. Tena udongo una kikomo. Baada ya miongo kadhaa ya kutunzwa vizuri hushiba, wala haupokei zaidi kwa kasi ileile. Na akiba ya miaka 20 yaweza kupotea ikiwa watoto wataacha mwendo wa baba zao. Makaa ya mawe yaliyoachwa ardhini, kwa upande wake, hayahitaji mlinzi.

Hapa huenda msomaji akauliza: ikiwa mambo ni hivyo, kibanja changu kimoja cha Buganguzi kitaipoza dunia? Hakitaipoza, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba mtu ambaye Kiyama kinamjia naye ana mche mkononi, kama aweza kuupanda, na aupande. Mtu huyo hataona jani lake wala kivuli chake, na bado ameamrishwa. Wewe uliye Muleba umepewa zaidi kuliko yeye, kwa kuwa udongo wenye mboji utakunywesha mgomba wako kiangazi hikihiki.

Basi tuitafute nyongeza ya kweli, isiyomnyang'anya mtu. Mwenyezi Mungu Ameiumba jamii ya mikunde, ambayo kwa msaada wa vijidudu vya mizizi yake hujipatia nitrojeni kutoka hewani, si kutoka kwa jirani. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, wamekwisha jaribu mimea ya namna hiyo, kama mukuna na marejea, katika ardhi ya mkoa wetu. Vi Agroforestry nayo imefundisha upandaji wa miti mashambani Kagera tangu 1994. Mimea hii ipelekwe kwenye kikamba na rweya, ili palipochukuliwa parudishiwe, isiishie kibanjani ambako tayari kuna neema. Mabua na majani yasichomwe. Na kwa habari ya moto wa rweya, mchungaji ana hoja yake, kwani nyasi kuukuu hazimshibishi ng'ombe. Lakini moto wa kila mwaka, kila mahali, bila mashauri, ni uharibifu. Mkutano wa kijiji waweza kupanga kipande gani kipumzike mwaka huu na kipi mwaka ujao, na Waahmadiyya wawe wa kwanza kusimama kuyasema hayo mkutanoni.

Sura Al-An'am, aya ya 142, yaamuru haki ya mazao itolewe siku ya kuvuna. Sisemi kwamba aya hiyo yahusu samadi; yahusu chakula, na kilicho cha maskini apewe. Lakini mwenye ng'ombe ambaye amekwisha toa haki hiyo, na moyo wake ungali una nafasi, ajue ni nani katika jamaat yake ambaye ncha ya kibanja inamfia. Ampelekee mizigo ya samadi kabla ya kutandaza ya kwake, na mbegu za mukuna ampe mapema, ili ziwe zimekwisha fukiwa mvua za Machi zianzapo.