Kumficha Mlevi Kazini Si Kumhurumia
(Mithali 31:4-5, Wagalatia 6:1-5)



Katika kitabu cha Mithali twasoma habari za mama aliyemfundisha mwanawe Lemueli, mfalme. Hakumwonya kwamba kileo kitaharibu mwili wake au mali yake, ingawa hayo nayo ni kweli. Alimpa sababu nyingine: mwenye mamlaka akilewa huisahau sheria, na haki ya mnyonge hupotea. Yaani, ulevi wa mtu aliyekabidhiwa kazi ya watu wote si jambo lake peke yake. Aumiaye kwanza ni yule asiye na mtetezi.

Neno hili halikunenwa kwa ajili ya wafalme tu. Leo utunzaji wa watu umegawanywa katika mikono mingi: mtendaji wa kijiji, karani wa ushuru, muuguzi wa zahanati, dereva wa gari la wagonjwa. Hao ni watumishi wa Halmashauri, na wengi wao ni washarika wetu. Tena wakuu wao wa idara mara nyingi ni wazee wetu wa kanisa. Basi yafaa tuulize: mkuu afanye nini, mtumishi aliye chini yake ajapo kazini hali amelewa mbege au gongo, au akionekana kutumia bangi, mirungi au heroini?

Ziko njia mbili zilizozoeleka, na zote mbili ni mbaya.

Ya kwanza ni kumficha. Mkuu asema, "Maskini, ana watoto, nikimwandikia barua nitawanyang'anya chakula." Basi kazi yake hufanywa na wenziwe, jina lake hutiwa katika daftari la mahudhurio naye yu nyumbani amelala, na dereva hukabidhiwa tena ufunguo wa gari. Jambo hili laitwa huruma, walakini si huruma. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliyelazwa katika gari lile usiku, yeye amehurumiwa na nani? Hata mlevi mwenyewe hakuhurumiwa, maana amezuiliwa asiione hali yake mpaka siku ya msiba. Wazee walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Ya pili ni kumfukuza kwa hasira. Mkuu aliyenyamaza miaka mitatu aja siku moja na ghadhabu, amtoa mtu mbele ya watu wote, wala hataki kusikia neno. Hapo hata asiyekosa aweza kuonewa. Si kila apepesukaye amelewa. Mwenye ugonjwa wa kisukari, sukari ikipungua mno mwilini, aweza kutetemeka na kunena maneno yasiyoeleweka, na watu wakamdhania mlevi.

Sheria ya Utumishi wa Umma ya Tanzania, ya mwaka 2002, imezuia haraka hiyo. Mtumishi hafukuzwi mpaka ameandikiwa shtaka lake, amepewa nafasi ya haki ya kujibu, na uchunguzi umefanywa; naye aweza kukata rufaa. Je, hili si jirani na agizo la Bwana wetu katika Mathayo 18? Kwanza umwendee ndugu peke yako. Kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili. Ndipo jambo lifike mbele ya kusanyiko. Hapo hatukupewa ruhusa ya kunyamaza, wala ya kuruka hatua.

Basi mkuu mwaminifu atende hivi. Kwanza amwondoe mtu huyo katika kazi iwezayo kudhuru wengine, asimwachie usukani wala sindano, akamrudishe nyumbani pamoja na mtu wa kumwangalia. Akiwa mgonjwa, apelekwe hospitali. Amwite shahidi, waandike waliyoyaona wao wenyewe, si yaliyosemwa sokoni: saa, harufu, usemi, mwendo. Asibishane naye siku ile, bali angoje mpaka amelevuka. Kisha amwite faraghani, amwonye, amsikilize.

Akionekana amefungwa na kileo au dawa za kulevya, aonyeshwe njia ya tiba. Shirika la Kazi Duniani, katika mwongozo wake uliochapwa mwaka 1996, lilifundisha kwamba matatizo haya yatendewe kama maradhi mengine na siri ya mgonjwa itunzwe, bila kumwondolea mwajiri mamlaka yake ya kuadhibu. Mlevi wa miaka mingi asiamriwe kuacha kwa siku moja pasipo mganga, maana aweza kupatwa na degedege hata kufa. Kwa waliofungwa na heroini, tiba ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo mkuu ampe mtumishi nafasi ya kwenda.

Lakini akiikataa tiba na kurudia kosa, shtaka liende mbele. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia, aliagiza tuchukuliane mizigo. Na katika sura iyo hiyo akasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Hakujipinga. Mzigo wa kumrejeza ni wetu sote. Mzigo wa matendo yake ni wake.

Nanyi wainjilisti na waalimu wa sharika, msiende ofisini kuomba shtaka litupwe. Nendeni nyumbani kwake. Keteni na mkewe na watoto, mfuateni mpaka mlango wa hospitali, na hata akiachishwa kazi, msimwachishe undugu.

Bwana atupe moyo usioficha uovu, wala usiomtupa mwovu. Amina.