Kumkemea Jirani kwa Ajili ya Mnyama

Je, ni haki mtu atoke nchi ya mbali, asimame juu ya jabali katika kijiji cha wengine, na kuwakemea kwa kazi iwapatiayo riziki? Swali hili si la kubuni. Limekuwako miaka mingi katika mji mdogo wa Taiji, pwani ya Japani, nasi twapenda kulipima pamoja nanyi wasomaji, maana lamgusa kila atakaye kumwonya mwenzake.

Watu wa Taiji ni wavuvi tangu kale. Kuvua nyangumi kwa vikosi vilivyopangwa kulianza kwao mwaka 1606. Na mwaka 1878 wanaume zaidi ya 100 waliangamia katika msiba mmoja wa baharini, walipokuwa wakimwandama nyangumi. Basi kazi hii kwao si mchezo. Lakini kuwaswaga pomboo makundi kwa makundi, kama ifanywavyo sasa, kulianza mwaka 1969. Kila mwaka tangu mwezi wa Septemba mashua hutoka alfajiri. Wavuvi hutumbukiza mabomba ya chuma majini, huyagonga kwa nyundo. Pomboo huitambua njia yake kwa kusikia. Kishindo kile humtia hofu, naye hukimbia pamoja na jamaa zake mpaka ndani ya ghuba ndogo, na nyavu hufungwa nyuma yao. Wengine huchaguliwa wauzwe wakiwa hai, na wengine huuawa kwa nyama yao. Serikali ya Japani huitoa ruhusa, na kuweka idadi ya wanyama kwa kila msimu.

Mwaka 2009 ilitolewa filamu iitwayo The Cove, iliyoonyesha damu ya ghuba ile mbele ya ulimwengu. Tangu hapo watu wa kujitolea wamekuja msimu kwa msimu, wakihesabu mashua na kupiga picha. Wavuvi nao walitandaza maturubai juu ya mahali pa kuulia, ili pasionekane.

Wavuvi wana hoja, nayo yastahili kusikilizwa. Husema ya kuwa wageni nao huchinja ng'ombe na nguruwe. Mbona lawama iwe ya wavuvi peke yao? Hoja hii ina nguvu kwa mtu alaye nyama. Lakini haijibu swali lote. Mwenye kuchinja hana budi kuulizwa anachinja namna gani. Wavuvi walibadili njia yao, wakaanza kumchoma pomboo nyuma ya kichwa kwa chuma ili kuukata uti wa mgongo, wakisema ya kuwa hufa upesi. Mwaka 2013 wataalamu walioichunguza picha ya tendo hilo waliandika ya kuwa mnyama hapotewi na fahamu mara moja, na ya kuwa njia hiyo isingeruhusiwa katika machinjio yenye sheria. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Desturi, hata ikiwa ya miaka mingi, haipunguzi maumivu ya kiumbe.

Basi kuangalia na kusema kweli ni haki, hata kwa mgeni. Lakini twaona mpaka hapa. Wako waliowatukana wavuvi usoni, wakawaita wauaji, wakaidharau na taifa lao lote. Twauliza: mtu amhurumiaye pomboo na kumchukia mvuvi, amejifunza huruma gani? Tena tusi humpa mkosaji kisingizio. Maturubai yale yaweza kuwa alama ya haya, maana mtu huficha jambo asilotaka litazamwe. Lakini mtu hujificha na matusi pia. Na akisha kutukanwa, hawezi tena kujua anaficha nini. Mwenye kumkemea mwenzake kwa chuki humwondolea nafasi ya kuisikia dhamiri yake.

Tena, asiyekuwako pwani naye asijione safi. Pomboo aliye hai huuzwa kwa bei inayoipita mbali sana ile ya nyama, na fedha hiyo hutoka kwa watu walipao kiingilio ili wamwone akiruka katika birika. Bwana Ric O'Barry, Mmarekani aliyejulikana sana katika upinzani huu, alikuwa mfunzaji wa pomboo wa mchezo wa televisheni ulioitwa Flipper. Mmoja wao alipokufa mwaka 1970, aliacha kazi ile, akajihesabu kuwa na sehemu katika dhambi aliyoipinga. Huyo alianza kwake mwenyewe. Na mwaka 2015 chama cha mabustani ya wanyama na majumba ya samaki cha Japani, kikisukumwa na chama cha dunia, kiliamua ya kuwa wanachama wake wasinunue tena pomboo waliokamatwa kwa njia ile. Uamuzi huo ulimgusa mnunuzi, ambaye mkono wake ulikuwa umefichika kuliko wa mvuvi.

Uwindaji haujakoma. Lakini siku hizi miongoni mwa waangalizi wamo Wajapani wenyewe, na onyo la mwenyeji husikika mahali ambapo la mgeni hurudishwa mlangoni. Basi, wasomaji, tukiona ukatili tusinyamaze kwa kuogopa desturi ya mtu. Ila kabla hatujafungua kinywa, tuulize kwanza fedha yetu imenunua nini. Kisha tumwendee mwenzetu kama mtu tunayetaka kubaki naye, si kama windo letu.